Ikabaki Saba

Saa moja kasoro robo redio ya jirani
hupenya dirishani kabla ya harufu ya mbaazi:
Kaa, leo usitie saini. Rangi yako, samawati.
Ndoo, kuna mtu wa mbali anakuwaza.

Mimi ni Kaa. Yaani karatasi inasema ni Kaa,
kwa kuwa mwalimu mkuu kule Pongwe, siku ya kuandikishwa,
aliona foleni ndefu na jua kali
akatuzaa sote kwa mpigo mmoja wa kalamu:
tarehe mosi Julai, watoto thelathini na wanane.
Ndugu wawili wa kwa Sempombe, waliopishana miaka miwili,
wakatoka pale pacha.
Mmoja wetu sasa ana malori matatu.
Mmoja alikufa kwa kichomi kabla ya darasa la nne.
Sote, leo, tusitie saini.

Kazi yangu ni kukagua mizani.
Mgandini, Makorora, Barabara ya Kumi na Tatu,
naingia na mawe yangu ya shaba kwenye sanduku la kufuli
na wauzaji wanaanza kukisifu kiatu changu.
Najua sumaku inapobandikwa. Najua jiwe la kilo
lililotobolewa tumboni likazibwa kwa nta.
Lakini kwanza kabisa natazama sahani tupu:
mshale umesimama kwenye sufuri?
Mizani inayosema neno ilhali haijabeba kitu
naipiga lakiri.

Basi utabiri nao niliupima.
Wiki nzima nilimsomea shoga yangu Mwanjaa, ambaye ni Nge,
maneno ya Samaki.
Jumatatu akasema, "Hee!" Jumatano akashika kifua.
Alhamisi akataka nimwandikie.
Ni dera hilo, nikamwambia, linamkaa kila mtu
kwa kuwa halikukatwa kwa ajili ya yeyote.
Akaifutika karatasi ndani ya kanga, akaniuliza:
"Na dera si tunalivaa?"

Ofisini naitwa Afisa. Sokoni naitwa Serikali.
Nyumbani, tangu Mhando ahamie kwa mwenziwe Korogwe, siitwi.
Redio tu ndiyo inayoniambia "wewe",
ndiyo inayotaka kujua kesho yangu itakuwaje.

Mwezi wa Shaabani nikaenda Chumbageni
kwa Maalim Mwinyikondo. Naenda kukagua, nilijisemea,
kama ninavyokagua duka.
Tarehe hakuuliza.
"Jina?"
Hadia.
"Jina la mama?"

Mwalimu mkuu hakuliuliza. Beji haina nafasi yake.
Mwanatumu, nikasema, na sauti ikatoka na kutu
kama bawaba ya chumba kisichofunguliwa.
Akaniomba nirudie, sikio lake zito.
Mwanatumu.
Nikarudia na mara ya tatu, ambayo hakuiomba.

Akageuza herufi kuwa tarakimu, akajumlisha,
akatoa kumi na mbili, akatoa kumi na mbili,
taratibu, kama anayemenya chungwa,
ikabaki saba.
"Nyota yako Mizani."
Vinyweleo vikanisimama,
hadi nilipoikumbuka beji kifuani pangu
na ule mchoro wake.
Nikalipa. Nikadai risiti, kwa mazoea tu. Akacheka.

Usiku nikahesabu mwenyewe.
Hadia, ishirini na tano.
Mwanatumu, mia tano arubaini na nne.
Nikatoa, nikatoa. Ikabaki tano: Simba.
Mimi, simba?
Nikabadili tahajia, nikaongeza wau mwishoni mwa mama.
Ikabaki kumi na moja: Ndoo.

Pale ndipo mtu wa kazi yangu hufunga daftari.
Kipimo kinachobadilika kwa wau moja si kipimo.
Nami nikageuza ukurasa
nikaliandika tena jina lake, herufi moja moja,
kwa mwandiko alionifundisha yeye kwa kijiti cha mkaa.
Sahani tupu, na mshale haukurudi kwenye sufuri.
Lakiri ilikuwa mfukoni.
Sikuitoa.